Namna ya Kuufuata Urasimu wa Serikali ya Shirikisho ya Marekani: Kutoka Barua Iliyo Mkononi Hadi Sheria Iliyoizaa

Mtu aliyezoea ofisi zetu za Afrika Mashariki, akipokea barua ya serikali inayomchanganya, jambo la kwanza analofikiria ni kumtafuta mtu: nani anamfahamu mkubwa wa pale, nani alisoma na karani wa dirisha la tatu, nani anaweza kupiga simu. Si fikra ya kijinga, kwa kuwa mahali pengi ndivyo mambo yanavyosogea. Lakini katika serikali ya shirikisho ya Marekani njia hiyo humpotezea mtu muda, na mara nyingine humpotezea haki yenyewe, kwa sababu siku za rufaa zinahesabiwa huku yeye bado anatafuta mtu wa kumshika mkono. Swali lenye manufaa kule ni jingine: afisa huyu amepewa na karatasi ipi uwezo wa kuniambia hivi, na karatasi hiyo nayo imesimama juu ya karatasi gani?

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kulifuata swali hilo. Mifano mingi nimeichukua kwenye uhamiaji na uraia, kwa kuwa hapo ndipo wasemaji wengi wa Kiswahili waishio Marekani wanapokutana na serikali hiyo kwa mara ya kwanza, ingawa njia ni ile ile kwa kodi, pensheni au malipo ya ulemavu. Haushiki nafasi ya wakili. Unamsaidia msomaji kujua amuulize wakili nini.

Kwa nini karani hawezi kukusaidia hata akitaka

Hadi miaka ya 1880 kazi za serikali ya Marekani zilikuwa nyara za uchaguzi. Chama kilichoshinda kiliwaondoa makarani wa chama kilichoshindwa, kuanzia ofisi za forodha bandarini hadi posta za vijijini, na kuwaweka watu wake. Tarehe 2 Julai 1881 Charles Guiteau, ambaye alijiaminisha kwamba ndiye aliyemsaidia Rais James Garfield kushinda na kwa hiyo anastahili kuwa konseli mjini Paris, alimpiga rais risasi katika kituo cha reli cha Washington. Garfield alifariki Septemba ya mwaka huo. Januari 1883 Rais Chester Arthur, ambaye mwenyewe alikulia kisiasa katika mfumo huo wa nyara, alitia saini Sheria ya Pendleton, iliyoamuru kwamba baadhi ya kazi zitolewe kwa mtihani na kwamba mtumishi asifukuzwe kwa kukataa kukichangia chama. Mwanzoni iligusa takriban kazi moja katika kila kumi. Baadaye ikaenea hadi kuwafunika walio wengi.

Matokeo yake ni kwamba kati ya watumishi raia wa serikali hiyo, ambao kwa miaka mingi idadi yao imekuwa ikizidi milioni 2 bila kuhesabu posta, wateule wa kisiasa ni kama 4,000 tu, na kati yao zaidi ya 1,000 ndio wanaohitaji kuthibitishwa na Seneti. Waliobaki wameajiriwa kwa ushindani, wanafanya kazi kwa kitabu cha maelekezo, na hukaguliwa na wasimamizi wao kwa kitabu hicho hicho. Ukuta kati ya makundi hayo mawili umesukumwa sana tangu Januari 2025, pale Rais Donald Trump alipoamuru kurejeshwa kwa utaratibu unaorahisisha kuwaondoa watumishi wa kudumu walio karibu na utungaji wa sera. Hata hivyo afisa anayekuhoji dawatini bado ni mtu wa kitabu. Ukimlilia atakuhurumia, kisha atafungua kitabu.

Kwanza hakikisha kwamba jambo lako ni la shirikisho

Watu hupoteza wiki nzima kwa kubisha hodi kwenye nyumba isiyo yao. Leseni ya udereva, cheti cha kuzaliwa, ndoa, shule za umma, polisi wa mjini na sehemu kubwa ya kesi za jinai ni mambo ya jimbo, kaunti au mji. Uhamiaji, pasipoti, Hifadhi ya Jamii, kodi ya mapato ya shirikisho na posta ni ya serikali ya shirikisho. Kinachotatiza ni yale yanayoshikwa na mikono miwili. Msaada wa chakula, SNAP, unalipiwa na Wizara ya Kilimo ya shirikisho, lakini maombi hupokelewa na ofisi ya jimbo au kaunti, na ukikataliwa unaomba kusikilizwa huko huko jimboni, wala hakuna faida kuiandikia Washington. Vivyo hivyo leseni yenye alama ya nyota, inayoitwa REAL ID, hutolewa na jimbo kwa masharti yaliyowekwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 2005, sheria iliyosubiri hadi Mei 2025 ndipo ikaanza kutekelezwa viwanjani mwa ndege.

Kisha jua nyumba ni ya nani

Wizara za shirikisho ni 15. Tatu za mwanzo, yaani Mambo ya Nje, Vita na Hazina, ziliundwa mwaka 1789. Ya mwisho, Wizara ya Usalama wa Ndani, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2002 baada ya mashambulizi ya Septemba 11, na ilipoanza kazi mwaka 2003 ilikusanya chini ya paa moja idara 22 zilizokuwa zimetawanyika. Hapa msomaji wa Tanzania au Kenya ajihadhari na majina. Marekani ina wizara ya tangu 1849 ambayo kwa tafsiri ya neno kwa neno ni Wizara ya Mambo ya Ndani, lakini haina polisi wala uhamiaji kama ilivyo kwetu. Kazi yake ni ardhi ya umma, hifadhi za taifa na mambo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa bara hilo.

Nje ya wizara kuna idara zinazojitegemea, kama Idara ya Hifadhi ya Jamii, SSA, iliyotengwa na wizara yake mwaka 1995. Kuna tume zenye makamishna kadhaa wanaoteuliwa kwa muda maalumu, kama ile ya masoko ya hisa iliyoundwa mwaka 1934, na suala la kama rais anaweza kuwafukuza makamishna wa namna hiyo kabla ya muda wao limekuwa la ubishi tangu kesi ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1935. Kuna pia mashirika ya umma yanayouza huduma, kama reli ya abiria ya Amtrak. Kwa mwananchi wa kawaida tofauti hizi hazina uzito mkubwa mpaka siku anapotaka kukata rufaa, maana kila nyumba ina ngazi zake.

Mfano mmoja utaonyesha jinsi mtu mmoja anavyopita nyumba nyingi. Kwa miaka kadhaa wakimbizi waliotoka Kongo walikuwa kundi kubwa kuliko yote yaliyopokelewa Marekani, na wengi wao walizungumza Kiswahili. Familia iliyokaa kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, faili yake iliandaliwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje. Afisa aliyewahoji kuhusu mateso yaliyowafukuza kwao alitoka Idara ya Uraia na Uhamiaji, USCIS, iliyo chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Msaada wa miezi ya kwanza baada ya kufika ulipitia Wizara ya Afya na Huduma za Jamii. Kadi yenye namba ya Hifadhi ya Jamii ilitoka SSA. Na endapo mmoja wao angefikishwa mbele ya hakimu wa uhamiaji, hakimu huyo ni mwajiriwa wa Wizara ya Sheria. Ndiyo sababu kumuuliza hakimu kwa nini kadi ya kazi imechelewa hakuzai matunda: yeye na aliyekalia kadi hiyo hawana mwajiri mmoja.

Katika barua yoyote, basi, tazama kwanza kichwa cha karatasi upande wa juu kushoto. Huko kumeandikwa wizara, na chini yake idara. Hiyo ndiyo anwani ya swali lako.

Panda ngazi ya karatasi

Hapa ndipo penye kiini, na ni vizuri kwenda taratibu. Barua inatokana na fomu, fomu inatokana na kanuni, kanuni inatokana na sheria iliyotungwa na Bunge, na sheria hupimwa kwa Katiba. Pembeni ya kanuni kuna kitabu cha sera ambacho idara hujiandikia yenyewe ili maafisa wake waamue kwa namna moja. Ukijua uko kwenye kipandio gani, unajua pia jambo hilo linaweza kubadilishwa na nani.

Chukua shauri la kawaida. Mtu mwenye kadi ya kijani, maarufu kama grini kadi, anaomba uraia. Miaka miwili iliyopita mama yake aliugua Mombasa, naye akakaa huko miezi saba. Sasa rafiki zake wanamwambia kwamba ameharibu kila kitu, na mwingine anaapa kwamba hakuna tatizo lolote. Badala ya kuhesabu kura za marafiki, apande ngazi.

Fomu anayojaza ni N-400, na ndani yake anatakiwa kuorodhesha safari zake za nje. Fomu yenyewe haisemi miezi saba inamaanisha nini, inauliza tu. Akipanda juu atakuta Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya mwaka 1952, ambayo katika mkusanyiko wa sheria za Marekani kifungu chake husika kimenukuliwa kama 8 U.S.C. 1427. Humo Bunge limeandika kwamba mwombaji wa kawaida awe ameishi Marekani mfululizo kwa miaka 5, na kwamba kutokuwepo kwa zaidi ya miezi 6 lakini chini ya mwaka mmoja kunauvunja mfululizo huo, isipokuwa mwombaji athibitishe kwamba hakuyaacha makazi yake. Kumbe wote wawili walikosea: shauri halijaharibika, wala si kwamba hakuna tatizo; mzigo wa kuthibitisha umehamia kwake.

Athibitishe kwa kitu gani? Sheria haikutaja. Kwa hiyo anashuka kipandio kimoja hadi kwenye kanuni, 8 CFR 316.5, ambamo idara imeandika aina ya ushahidi inaoukubali: kwamba hakuacha kazi yake Marekani, kwamba familia yake ya karibu ilibaki huko, kwamba nyumba yake iliendelea kuwa mikononi mwake, na kwamba hakuajiriwa huko alikokwenda. Sasa ana orodha ya kufanyia kazi. Anaitafuta barua ya mwajiri, mkataba wa nyumba na risiti za kodi ya pango za miezi ile saba, taarifa za shule ya watoto. Akitaka kujua afisa ameelekezwa kulitazamaje jambo hilo, asome juzuu ya 12 ya kitabu cha sera cha USCIS, inayohusu uraia, ambayo imewekwa wazi kwenye intaneti. Siku ya mahojiano atakuwa anazungumza na afisa lugha ambayo afisa mwenyewe anaisoma.

Namba hizi zinatisha kwa mara ya kwanza tu. CFR ni mkusanyiko wa kanuni zote za kudumu za shirikisho, umegawanywa katika vitabu 50 kwa mada. Kitabu cha 8 ni cha wageni na uraia, cha 20 kina kanuni za Hifadhi ya Jamii, cha 21 kinahusu vyakula na dawa, cha 26 ni kodi, cha 40 ni mazingira. Namba ya kwanza ni kitabu, zinazofuata ni sehemu na kifungu. Barua nyingi za kukataliwa hutaja kifungu namna hiyo katikati ya aya, na wasomaji wengi hukiruka kama walivyozoea kuruka maandishi madogo ya mkataba wa benki. Usikiruke. Kukitaja kifungu ndiko idara inakokuonyesha kipandio ilichosimama juu yake, na hapo ndipo panapoweza kujibiwa.

Kuhusu fomu kuna mambo mawili madogo yanayofaa kujulikana. La kwanza ni namba ya tarakimu nane zilizotenganishwa katikati kwa kistari, ambayo aghalabu huwa upande wa juu kulia. Fomu ya kodi ya mapato 1040, kwa mfano, ina 1545-0074. Ni kibali kinachotolewa na Ofisi ya Usimamizi na Bajeti, iliyo chini ya rais, kwa mujibu wa sheria ya kupunguza makaratasi ya mwaka 1980. Idara ya serikali hairuhusiwi kuwauliza watu maswali kwa jumla mpaka iieleze ofisi hiyo kwa nini inayauliza na yatamchukua mjazaji muda gani, na sheria inasema mtu haadhibiwi kwa kutojibu dodoso la serikali lisilo na kibali halali. Hii haimaanishi kwamba kodi hailipwi namba ikikosekana, kwa kuwa wajibu wa kodi umetoka kwa Bunge lenyewe. Lakini inafurahisha kuona serikali ikijiwekea karani wa kuwahoji makarani wake.

La pili ni tarehe ya toleo, iliyo chini ya ukurasa wa fomu za USCIS. Watu huichanganya na tarehe ya ukomo wa kile kibali cha juu. Inayotazamwa wakati wa kupokea maombi ni ya toleo: idara hutangaza toleo inalolikubali, na kurasa zote zinapaswa kuwa za toleo hilo moja. Fomu uliyopewa na jirani aliyechapisha nakala za ziada mwaka juzi inaweza kukurudishia bahasha nzima.

Kanuni ikiwa bado mbichi

Kanuni haishuki kutoka mbinguni. Sheria ya taratibu za utawala ya mwaka 1946 inaitaka idara, kabla ya kuweka kanuni mpya yenye nguvu ya sheria, ichapishe pendekezo lake, ipokee maoni, iyafikirie, kisha ichapishe kanuni ya mwisho pamoja na maelezo ya kwa nini imeamua hivyo. Machapisho hayo hutoka katika Gazeti la Serikali, ambalo limechapishwa tangu mwaka 1936 na hutoka kila siku ya kazi ya serikali. Muda wa maoni kwa kawaida huwa kati ya siku 30 na 60.

Kutoa maoni ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kila pendekezo lina namba ya jalada. Unaingia kwenye tovuti ya regulations.gov, unaitafuta namba hiyo, unaandika. Si lazima uwe raia. Lakini maoni si kura, na barua elfu zenye maneno yale yale ya kunakiliwa huhesabiwa kama hoja moja. Kinachoisumbua idara ni hoja mahususi isiyoweza kuipita kimya, kwa kuwa mahakama inaweza kuifuta kanuni endapo jambo zito lililoelezwa kwenye maoni halikujibiwa. Mkalimani wa Kiswahili anayeeleza kwamba swali fulani la fomu, likitafsiriwa kwa mtu aliyeishi kambini miaka kumi na tano, haliwezi kujibiwa kwa sababu linadai anwani za mitaa isiyo na majina, ametoa maoni yenye uzito kuliko aya tatu za kulalamika kwamba serikali haina huruma.

Kasi ya kazi hii ionekane kwa mfano wa ada za uhamiaji. Pendekezo la kuzibadilisha lilichapishwa Januari 4, 2023. Kanuni ya mwisho ikachapishwa Januari 31, 2024. Ikaanza kutumika Aprili 1, 2024. Karibu miezi 15, na hiyo bila kuhesabu muda wa maandalizi ya ndani. Sasa ilinganishe na kilichotokea Januari 20, 2025, siku Rais Trump alipoapishwa, aliposaini amri ya kusimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi, ambayo katika siku chache ilikuwa imewakwamisha watu waliokwisha kupangiwa ndege. Kwa nini moja ilichukua miezi 15 na nyingine wiki moja? Jibu liko kwenye ngazi ile ile. Ada hizo ziliwekwa kwa kanuni, na kanuni hubadilishwa kwa kanuni. Idadi ya wakimbizi wa kila mwaka, kwa sheria ya mwaka 1980, huwekwa na rais mwenyewe baada ya kushauriana na Bunge; kalamu yake iko karibu zaidi. Kabla ya kuamini habari ya mitandao kwamba "sheria imebadilika", uliza ni karatasi ipi iliyobadilika: sheria, kanuni, amri ya rais au kitabu cha sera. Kitabu cha sera kinaweza kubadilika usiku mmoja bila kuwauliza watu maoni. Sheria haibadiliki mpaka Baraza la Wawakilishi na Seneti wakubaliane.

Wanaoishikilia idara kwa nje

Bunge huishika idara kwa fedha. Mwaka wa bajeti huanza Oktoba 1, na pasipo sheria ya matumizi kupitishwa, idara zinazoitegemea hulazimika kufunga sehemu kubwa ya shughuli. Kufungwa kulikoanza Oktoba 1, 2025 kulidumu siku 43, na kilichowashangaza wengi ni kwamba hakukuathiri ofisi zote sawa. USCIS iliendelea kwa sehemu kubwa, kwa kuwa inaendeshwa hasa na ada za waombaji. Pensheni za Hifadhi ya Jamii ziliendelea kulipwa, kwa kuwa fedha zake hazisubiri sheria ya kila mwaka. Msaada wa chakula ulivurugika Novemba, kwa kuwa unaisubiri. Mwenye kusikia kwamba serikali imefungwa asiahirishe miadi yake kabla ya kujua ofisi yake inalishwa na mfuko gani.

Mahakama nazo zimeongezewa uzito. Tangu 1984 mahakimu walikuwa wakiifuata tafsiri ya idara pale sheria ilipokuwa na utata, mradi tafsiri hiyo iwe ya kuridhisha. Juni 28, 2024 Mahakama ya Juu iliitupa kanuni hiyo. Hakimu sasa huisoma sheria mwenyewe. Kwa anayepanda ngazi, maana yake ni kwamba maneno ya Bunge yana thamani zaidi mahakamani kuliko yalivyokuwa miaka miwili au mitatu kabla ya hapo.

Barua ya kukataliwa ikifika

Andika juu ya bahasha siku uliyoipokea, kisha soma ukurasa wa mwisho kabla ya wa kwanza, kwa sababu muda wa rufaa mara nyingi huwa huko. Muda hautofautiani kwa uzito wa jambo bali kwa nyumba. SSA hutoa siku 60, na huchukulia kwamba barua ilikufikia siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa, isipokuwa uonyeshe vinginevyo. Ngazi zake za ndani ni tatu, yaani kutazamwa upya, kusikilizwa na hakimu wa utawala, na baraza la rufaa, ndipo mahakama ya shirikisho. Kwa anayesitishiwa malipo ya ulemavu kwa kudaiwa amepona, kuna muda mwingine mfupi wa siku 10, ambao akiuwahi anaweza kuomba malipo yaendelee wakati rufaa inasikilizwa. Siku hizo kumi huwapita watu wengi kuliko zile sitini. Idara ya kodi, IRS, ikikupelekea notisi rasmi ya upungufu wa kodi, una siku 90 za kwenda Mahakama ya Kodi, au 150 iwapo notisi imetumwa kwako nje ya nchi, kwa mfano ukiwa Zanzibar kwa likizo ndefu. Maombi ya uraia yakikataliwa, fomu ya kuomba kusikilizwa na afisa mwingine ni N-336, na muda ni siku 30, pamoja na 3 za posta uamuzi ukiwa umetumwa kwa njia hiyo.

Tatizo la barua ni kwamba huenda kwenye anwani ya zamani. Asiye raia anapohama anatakiwa kuiarifu USCIS ndani ya siku 10, na kuiarifu posta hakutoshi, wala kuiarifu SSA hakutoshi, kwa sababu tumeshaona kwamba nyumba hizi hazisomi madaftari ya mwenzake.

Ukiwa hujui serikali imeandika nini juu yako, omba faili. Sheria ya uhuru wa habari, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson Julai 4, 1966, inampa mtu yeyote haki ya kuomba kumbukumbu za idara za shirikisho, isipokuwa zile zinazoangukia katika vighairi tisa vilivyotajwa. Idara inatakiwa kujibu ndani ya siku 20 za kazi. Mara nyingi hupitiliza, kwa hiyo omba mapema, kabla ya kuwasilisha ombi jipya na si baada ya kukataliwa. Andika majina yako yote kama yalivyowahi kuandikwa, pamoja na makosa yake. Mtu aliyesajiliwa kambini kama Asha Juma na baadaye Aisha Djuma ni watu wawili machoni pa kompyuta, na mgongano wa tarehe za kuzaliwa kati ya faili mbili ndio chanzo cha maswali mengi ya mahojiano. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Weka nakala ya kila ulichotuma, na tuma kwa posta inayotoa stakabadhi ya kupokelewa.

Kuna mlango mmoja unaofanana kidogo na ile desturi yetu ya kumtafuta mtu, nao ni halali kabisa. Kila mkazi wa jimbo ana mbunge mmoja katika Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 435, na maseneta wawili. Ofisi zao zina wafanyakazi ambao kazi yao ni kufuatilia mashauri ya wakazi kwenye idara za shirikisho, na kwa kawaida hawamsaidii raia peke yake. Utasaini fomu ya kuruhusu faili yako izungumzwe, kisha wao huandika kuuliza. Hawawezi kuigeuza "hapana" kuwa "ndiyo". Wanachoweza ni kuifanya idara ijibu, na kwa faili iliyolala bila sababu hilo mara nyingi ndilo lililokuwa likihitajika. Waendee na namba ya risiti ya maombi, herufi tatu na tarakimu kumi, na maelezo yasiyozidi ukurasa mmoja.

Hatua ya mwisho ni mahakama ya shirikisho, na wengi hudhani mlango wake hufunguka baada ya kukataliwa tu. Kwa uraia sivyo. Sheria inasema kwamba zikipita siku 120 tangu siku ya mahojiano bila uamuzi kutolewa, mwombaji anaweza kwenda Mahakama ya Wilaya ya shirikisho ya mahali anapoishi, na hakimu akaliamua ombi hilo mwenyewe au akalirudisha kwa USCIS na maelekezo. Basi siku unapotoka kwenye mahojiano, kabla hujafika kituo cha basi, iandike tarehe hiyo kwenye daftari lako na uhesabu 120 mbele.